Kona za Budondo

Tangu watoke Chwele asubuhi ile, Wangila ndiye aliyeshika usukani, na jambo hilo lilimkosesha raha. Mwenzake Semei hakuwa mtu wa kuendeshwa. Huyu ni mtu aliyewahi kumteremsha dereva wa gari la maiti, waombolezaji wakiwa ndani, eti jamaa anabadilisha gia kama anayesonga ugali. Ukimketisha kiti cha abiria atakukanyagia breki zisizokuwepo mpaka mfike, na ushauri juu. Leo alikuwa ametulia tuli, miwani ya jua usoni, mikono mapajani, anatazama mbele kama bwana harusi anayesubiri kupigwa picha.

"Makoki, shika kidogo basi," Wangila alimwambia walipomaliza kugongewa pasipoti pale mpakani Lwakhakha na kuingia upande wa Uganda. "Mgongo umeanza kuniuma."

"Wewe endesha tu. Mimi naitunza mikono yangu kwa ajili ya Jumamosi."

"Tangu lini mikono yako ikatunzwa?"

"Tangu ianze kuzeeka."

Wakaendelea. Nyuma ya pikapu kulikuwa na trela, na juu ya trela Subaru ya buluu iliyofungwa minyororo. Walikuwa wanakwenda Jinja kwenye mbio za magari za mwisho wa wiki, zile za barabara za udongo za marram ambako magari huachiliwa moja moja na kila moja hushindana na saa. Semei alikuwa dereva, Wangila navigeta. Kwa asiyejua, navigeta ni yule anayekaa kushoto na karatasi mapajani, akimsomea dereva kila kona kabla haijafika: inakata upande gani, kali kiasi gani, baada yake kuna nini. Watu hudhani ni kazi ya kubebwa. Hao hawajawahi kutapika ndani ya helmeti huku wanasoma, wala kuambiwa na mtu anayeenda kasi ya wazimu, "Rudia hiyo, sijasikia."

Lakini gari lilikuwa limewakuta wamekwisha kuwa kitu kimoja. Semei alifiwa na baba yake akiwa bado kijana, na mwaka wake wa kutahiriwa ulipofika hakuwa na ua wa kusimamia. Mzee wake Wangila akasema, msimamisheni hapa kwangu na huyu wangu. Wakapakwa tope la mto pamoja, wakasimama bega kwa bega, kisu kimoja kikawapitia wote wawili, na hakuna aliyepepesa jicho. Wakauguza kidonda katika nyumba moja wakila bakuli moja. Ndiyo maana waliitana makoki. Ndugu wa tumbo unaweza kugombana naye mkapatana mkagombana tena, lakini makoki akikuomba jambo kwa jina la kisu, humnyimi. Ukimnyima, mmemalizana. Hataketi penye chungu chako cha pombe, wala wewe hutakanyaga kaburini kwake. Wabukusu wa Kenya na Wamasaba wa Uganda wametenganishwa na mpaka wa wazungu, lakini kwa hilo hawatofautiani hata kidogo.

Walifika Mbale jua likiwa la utosi. Gereji ya Ashiraf ilikuwa mtaa wa nyuma, si mbali na mnara wa saa, na Ashiraf mwenyewe alitoka chini ya lori akijifuta mikono, kofia yake nyeupe ikiwa safi kwa namna ambayo haijawahi kuelezeka kwa fundi.

"Wakenya mmerudi kula vumbi letu," alisema.

"Mwaka jana tulikula vumbi la nani?" Semei alimjibu. "Nilikuwa namba ngapi, Ashiraf? Sema watu wasikie."

"Ulikuwa mbele. Nani amekataa? Lakini mwaka jana si mwaka huu, bwana."

Wakaishusha Subaru. Ashiraf alitaka kubadilisha shokomzoba za nyuma na kukaza kizimba cha chuma kilicho ndani ya gari, kile kinachozuia paa lisiwalalie likipinduka. Semei alilizunguka gari lake akilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Akafika mbele, akajigonga muundi kwenye jeki iliyokuwa imesimama hapo peupe, rangi nyekundu, kubwa kama mbuzi.

"Nani ameweka takataka hii njiani?" alifoka.

Ashiraf akamtazama Wangila. Wangila akacheka. Mtu anaweza kujigonga, kwani jeki ni nini? Akacheka, na baadaye alikuja kujichukia kwa kicheko hicho. Mchana huo walikula malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga nyumbani kwa mama mdogo wa Semei, kwa maana mama yake alizaliwa papa hapo chini ya majabali ya Wanale, na Semei alimwambia kila mtu aliyeketi karibu kwamba mwaka huu anashinda nyumbani kwa wajomba zake. Alikuwa na furaha, lakini ilikuwa furaha ya kelele mno, na Wangila alimjua mtu wake: kelele hizo huzipiga akiwa na hofu.

Kesho yake waliiacha Subaru na trela kwa Ashiraf, ambaye angevileta Jinja mwenyewe, wakatangulia na pikapu kukagua njia. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya wiki ya mbio, ingawa hakuna anayekuja kuipigia makofi. Dereva anaipita barabara polepole, anaitamka kona kama anavyoiona, na navigeta anaandika. Mnarudia mara ya pili, navigeta anasoma, dereva anasahihisha. Jumamosi yenyewe huendeshi barabara tena, unaendesha yale maneno. Maneno yakiwa na kosa, utakutana na mti.

Semei hapo alichukua usukani mwenyewe, na roho ya Wangila ikatulia kidogo. Kwenye njia panda ya Budondo walisimamishwa na askari polisi, mtu mrefu wa kutoka kaskazini aliyejitambulisha kuwa Taban.

"Nyinyi watu ya mashindano?"

"Ndiyo, afande. Tunakagua tu."

"Sawa. Lakini leo barabara hapana fungwa. Boda natoka huku, mbuzi natoka huku, watoto ya shule natoka kila mahali. Enda pole, bwana. Jumamosi ndiyo sisi nafunga."

"Asante, afande."

Wakaingia. Barabara ilikuwa nyekundu, imepigwa greda juzi, nyumba za matofali huku na huku, kahawa, migomba, kisha mashamba ya miwa. Semei akaanza kutamka na sauti yake ikawa ile ile ya siku zote, kavu, bila hofu.

"Kulia nne. Mia. Kushoto tatu, inafunga. Hamsini. Kilima. Kulia tano ndefu."

Wangila aliandika kwa ufupi wao waliouzoea. Moja ni kona kali ya kugeuka nyuma kabisa, sita ni ya kupita bila kuachia mafuta, na zilizobaki ziko kati hapo; mia na hamsini ni mita za kufika kona inayofuata. Alikuwa na raha. Mkono wake uliijua sauti hiyo kuliko ulivyoijua sauti ya mke wake, na hilo mkewe alishamwambia mara nyingi, wala si kwa kumsifu.

"Kushoto nne, miwa, haionekani mbele. Punguza."

Wangila akaandika "miwa, haionekani." Kisha akainua kichwa.

Hapakuwa na miwa. Ilikuwa imekatwa yote. Upande wa kushoto lilikuwa shamba tupu, visiki tu na majani makavu, na toka pale walipo ungeona barabara inavyozunguka, inavyopanda, inavyopita kanisa la bati na kuelekea upande wa Buwenge. Mtoto mdogo angeiona. Mwaka jana miwa ilisimama hapo juu kama ukuta, na mwaka jana Semei alisema maneno haya haya, neno kwa neno.

Wangila alijiambia labda mwenzake amepitiwa. Mtu hupitiwa, hasa mtu aliyelala vibaya. Akageuza karatasi na kuandika kona iliyofuata, na iliyofuata hiyo, lakini sasa alikuwa anaandika jicho moja likiwa nje. Ndipo boda boda ikachomoka kutoka kijia cha kushoto, mwanamke amekaa nyuma na fenesi mapajani. Haikuchomoka ghafla. Wangila aliiona tangu ikiwa mbali, akaona dereva wa boda anavyowatazama akiamini wamemwona, na akamsubiri Semei apunguze. Semei hakupunguza. Aliendelea kusema, "Kulia tano, mia mbili," kwa utulivu wote wa dunia.

Wangila aliivuta breki ya mkono kwa mikono miwili. Pikapu ilizunguka, ikafunga barabara, ikazima. Yule wa boda alipita mbele ya boneti kwa upana wa kiganja, akasimama mbele kidogo, akawatukana kwa Lusoga tusi refu lililoanzia kwa babu zao. Mwanamke alikuwa amelikumbatia fenesi lake. Wangila alishuka akaomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa mikono. Aliporudi, Semei alikuwa bado ameshika usukani.

"Alitoka wapi?" Semei aliuliza.

"Kushoto. Peupe."

"Wanaendesha vibaya hawa watu."

"Semei, miwa iko wapi?"

"Miwa gani?"

"Ile uliyoniandikisha. Inayozuia kona."

Semei akageuza kichwa kizima, shingo na mabega, kama mtu mwenye jipu shingoni, akatazama nyuma kule walikotoka. Akatazama muda mrefu. Wangila aliuona uso wake unavyoliona lile shamba tupu kwa mara ya kwanza.

"Wamekata," Semei alisema.

"Wamekata. Sasa niambie."

Akavua miwani. Akamwambia. Ilikuwa presha ya macho, ndivyo daktari wa Eldoret alivyomwambia, na ilianza kimya kimya, haiumi, haiwashi. Kilichokuwa mbele yake moja kwa moja alikiona safi, angeweza kusoma gazeti. Pembeni kote kulikuwa kumekufa. Juu, chini, kulia, kushoto. "Ni kama naangalia ndani ya bomba," alisema. "Na bomba linazidi kuwa jembamba. Dawa inazuia kidogo tu. Amesema mwakani nitakuwa natafuta mlango kwa mkono."

Wangila hakujua kwamba analia mpaka machozi yalipodondokea karatasi na kuufuta wino.

"Basi turudi nyumbani," alisema. "Leo hii. Ashiraf tutamwambia gari limeharibika."

"Hapana. Sikiliza. Hii barabara naijua kwa moyo, nimeipita mara ngapi? Na mwaka huu ndiyo hiyo hiyo. Wewe utakuwa macho ya pembeni, mimi ya mbele. Kwani siku zote tumekuwa tukifanya nini?"

"Semei, umetaka kuua mwanamke sasa hivi na hukumwona."

"Jumamosi barabara itafungwa. Umemsikia afande."

"Barabara inafungwa. Watu wanafungwa? Watoto watakuwa wamejipanga pembeni mpaka inchi moja na tairi. Huko huko pembeni kwako kulikokufa."

Semei akasema kwa sauti ya chini, kwa lugha yao ya nyumbani, maneno ambayo Wangila aliyaogopa tangu breki ilipovutwa. Alimwomba kwa jina la kisu. Alisema kila dereva anaendesha mbio zake za mwisho bila kujua ni za mwisho, anaziendesha ovyo, akiwaza mengine. Yeye amepewa bahati ya kujua. Anataka moja tu, aionje yote, kisha atampa mtu funguo na hatagusa usukani mpaka azikwe. "Sikuombi tena kitu kingine katika maisha haya," alisema. "Kaa na mimi."

Ungekuwa wewe ungesema nini? Rahisi kusema ukiwa umekaa kwako na chai yako. Wangila alisema, "Nipe mpaka kesho," na akaiendesha yeye pikapu mpaka Jinja mjini.

Jioni, jua bado halijazama, alitoka nje ya nyumba ya wageni akampigia Topista, mke wa Semei. Alitaka tu kujua kama na yeye anajua.

"Shemeji," Topista alisema kabla hajaulizwa, "anaendeleaje? Dawa ya matone anaweka?"

"Kumbe unajua."

"Nisijue vipi, nalala naye. Nilikataa kabisa asije. Nikamwambia nitalala mbele ya hilo trela. Lakini aliponiambia wewe unajua yote na umekubali kukaa naye, nikaacha. Nikasema kama Wangila anajua, basi hakuna neno. Tangu jana nimelala usingizi mzuri."

Wangila alisimama na simu sikioni, akashindwa kumwambia mwanamke huyu kwamba amedanganywa. Akasema, "Anaweka matone," akakata. Lakini hapo uamuzi ulikuwa umekwisha kufanyika, na ulimuuma kama jino.

Asubuhi alimkuta Semei anakunywa chai. Hakukaa.

"Mimi sikai kwenye kile kiti," alisema. "Bila navigeta hawakuachilii kuanza, unajua sheria. Twende nyumbani, makoki. Nitakuendesha mimi, popote, mpaka nife. Ukitaka hata kila Jumapili tupande mlima kwa fujo, nitapanda."

Semei aliweka kikombe chini taratibu, akakitafuta kisahani kwa kidole kwanza. "Nimekuomba kwa kisu," alisema.

"Nimesikia. Na nimekataa."

"Sawa." Akainuka. "Sawa, bwana Wangila."

Miaka yote ile hakuwahi kumwita bwana. Akatoka.

Wangila alidhani imekwisha. Alidhani kilichobaki ni aibu ya kurudi na gari ambalo halikushindana, na hasira ya mwaka mmoja au miwili. Alisahau alikuwa anashughulika na nani. Saa za mchana alikwenda kwenye uwanja wa shule moja kule Mpumudde ambako magari yalikuwa yanakaguliwa kabla ya mbio, akitegemea kumkuta Ashiraf na kupakia Subaru. Subaru ilikuwa kwenye foleni. Semei alikuwa kando yake amevaa ovaroli lake. Na upande wa kushoto, akifunga zipu, alikuwa kijana mmoja wa Jinja anayeitwa Trevor, navigeta chipukizi ambaye angekaa ndani ya pipa kama pipa lina namba ya mashindano.

"Mzee Wangila," Trevor alimwambia kwa heshima, "pole na mgongo. Mzee Semei amenieleza. Mimi nitajitahidi, hata kama siwezi kufika kwako. Noti zako za kona amenipa, ziko safi sana."

"Trevor, umepita naye barabarani?"

"Hatujapata nafasi. Lakini noti si zipo?" Akacheka, meno yote nje. "Mama yangu amefurahi kweli. Kesho anakuja na majirani wote, watakaa pale kwenye shamba lililokatwa miwa. Wanasema pale unaona gari tangu mbali."

Wangila alimtazama Semei, na Semei akatazama mbele.

Msimamizi mkuu wa mashindano alikuwa mama mmoja aliyeitwa Lillian, mkali, anayejua kazi yake, na asiyependa maneno mengi siku ya ukaguzi. Wangila alimfuata mezani kwake akamwambia, mbele ya mafundi na madereva na watu waliokuja kupiga picha, kwamba dereva wake haoni. Alisema kwa sauti kwa sababu angenong'ona ingemshinda.

Wakamwita Semei. Akaja akitembea wima. Wakamwita daktari wa mashindano, naye akatazama huku na huku, akamwonyesha gari lililoegeshwa mbali langoni.

"Nisomee namba yake."

Semei aliisoma. Akasoma na jina la karakana lililobandikwa kwenye kioo cha nyuma, na simu yake, tarakimu zote. Watu wakacheka. Mmoja akapiga mbinja.

"Niendelee?" Semei aliuliza. "Kuna kunguru pale juu ya paa. Anakula mkate."

Hata daktari alicheka. Lillian hakucheka. "Mzee Wangila," alisema, "ugomvi wa ndani ya gari umalizeni ndani ya gari. Msiniletee mimi. Mtu akishapata navigeta mwingine, wivu haufai." Wivu! Akaanza kugeukia gari lililofuata.

Wangila alisimama pale akiwa mwongo mbele ya watu wote, na hilo angelivumilia. Angekwenda zake. Lakini alimwona Trevor anavaa helmeti kuijaribu, anaomba mtu ampige picha ya kumtumia mama yake. Akajua kuna njia moja tu imebaki. Aliijua kwa sababu alimjua Semei, na laiti angekuwa hamjui. Akamsogelea, akasimama mbele yake uso kwa uso, karibu, kama wanavyosimama watu wanaopatana. Akamtazama machoni.

"Semei," alisema, "nimekosa. Nimekuaibisha bure mbele za watu. Tuyamalize."

Uso wa Semei ukalegea wote. Hilo ndilo Wangila hatalisahau mpaka anaingia kaburini, jinsi ule uso ulivyolegea. Jamaa alikuwa anataka kupatana. Alikuwa anataka hivyo kuliko alivyotaka gari.

"Basi nipe mkono, makoki," Semei alisema.

Mkono ulikuwa umeshatolewa. Ulikuwa hapo kati yao, chini ya kifua, umenyooshwa toka Wangila alipofungua mdomo, na watu wote uwanjani waliuona. Semei aliendelea kumtazama usoni akitabasamu, anasubiri. Kicheko kilikufa kwa huyu, kikafa kwa yule. Ashiraf alifunika mdomo kwa kitambaa chake cha grisi.

"Nipe basi," Semei alirudia.

"Mzee Semei," Lillian alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika kabisa. "Mkono upo."

Semei aliinamisha kichwa polepole, akautafuta kwa macho, akaupata. Akautazama mkono wa mwenzake, uliokuwa umenyooshwa muda wote. Alielewa. Hakuna aliyehitaji kumweleza ulikuwa umetolewa kwa nini, wala daktari hakuhitaji kusema neno lake la kumzuia asiendeshe, ingawa alikuja kulisema. Wangila alikuwa analia waziwazi na mkono wake hakuurudisha, kwa sababu sasa ulikuwa wa kweli, sasa alikuwa anaomba kwa dhati, na ilikuwa imechelewa.

"Ungeninyima kiti, ningekuja kukusamehe," Semei alisema. "Ungenisema kwa wakubwa, hata hilo. Lakini umenitega kwa mkono." Akageuka. "Ashiraf, niongoze nitoke hapa. Usinishike kiwiko, tembea tu mbele yangu."

Wakaondoka hivyo, fundi mbele, dereva nyuma yake akiutazama mgongo. Trevor alibaki amekumbatia helmeti, haelewi amekosa nini, maskini. Wangila alitaka kumwambia aende nyumbani akale chakula cha mama yake, lakini sauti haikutoka.

Jumamosi mbio zilifanyika. Wangila hakuziona. Alikuwa anafunga minyororo ya Subaru juu ya trela akasikia gari la kwanza linaachiliwa kule mbali, injini inapanda gia ya pili, ya tatu, na mikono yake ikasimama yenyewe kusubiri kona. Aliendesha peke yake, Iganga, Mbale. Hapo Mbale alipita gereji. Ashiraf akatoka mpaka barabarani, akamwambia Semei yuko kwa mama yake mdogo, anakula, lakini amesema hataki kumsikia. Wangila alisema, "Msalimie," na Ashiraf akajibu kwamba salamu hizo hatazifikisha, kwa sababu anampenda mzee Semei na hataki kumuumiza.

Topista alimpokea Chwele langoni. Alikuwa ameshapigiwa simu. Alitazama gari, akatazama kiti kitupu, akamwekea Wangila maji ya kunawa kama desturi, na walipokuwa wamekaa akaupeleka ujumbe aliotumwa, macho chini, kila neno likimtoka kwa shida.

"Shemeji, amesema nikuambie. Siku yake ikifika, usije. Usitupe udongo, usisimame hata nje ya ua. Nimemwambia mimi sitasema maneno hayo, akaniapisha." Akajifuta kwa kanga. "Mimi nakushukuru. Mimi na watoto tutakushukuru siku zote. Lakini yeye ndivyo alivyosema."

Wangila alinawa, akakausha mikono yake kidole kwa kidole. Machozi alikuwa ameyamaliza njiani.

"Mwambie nimekubali," alisema. "Ila asiwe na haraka."